Maswali ya Wasomaji: Injini ya Boti, Mipigo Miwili au Minne?

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu na pole kwa kazi. Nina boti ya faibaglasi yenye urefu wa futi 19 ambayo hubeba abiria na mizigo midogo siku tano za wiki, na kwa kawaida injini hufanya kazi kwa saa nne hivi kila siku. Injini yangu ya mipigo miwili yenye nguvu za farasi 40 imechoka, nami nataka kununua mpya. Fundi aliyenihudumia kwa miaka mingi ananishauri nichukue nyingine kama hiyohiyo, kwa kuwa anaifahamu hadi skrubu ya mwisho. Mwanangu naye anashikilia kwamba zama za mipigo miwili zimepita na kwamba nitakuwa ninamwaga fedha majini. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, ahsante kwa kututajia idadi ya saa unazosafiri, maana hicho ndicho kipimo ambacho wengi wanaotuandikia hukisahau, ilhali ndicho kinachoamua jambo hili kuliko sifa nyingine yoyote ya injini. Kwa mtu anayeendesha boti saa 20 kwa wiki, jibu langu ni injini ya mipigo minne. Hata hivyo, kuna masharti mawili ambayo nitayaeleza hapa chini, na yasipotimizwa, fundi wako ndiye atakayekuwa amesema kweli.

Chanzo cha tofauti yote ni namna moto unavyowaka ndani ya silinda. Katika injini ya mipigo miwili, pistoni hupanda mara moja na kushuka mara moja, na kila krankishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, inapomaliza mzunguko mmoja, moto huwaka. Injini ya mipigo minne hugawa kazi hiyo: mpigo wa kwanza huvuta hewa na mafuta, wa pili huvikandamiza, wa tatu ndio wa moto unaosukuma, na wa nne hutoa moshi, kwa hiyo moto huwaka mara moja tu katika kila mizunguko miwili. Ndiyo sababu injini ya mipigo miwili hutoa nguvu nyingi ikiwa na umbo dogo na uzito mdogo, kwani haina valvu, haina kemushafti (mhimili unaofungua valvu hizo) wala haina karata ya oili, yaani bakuli la kuhifadhia oili, chini yake. Lakini katika injini ya aina hiyo inayotumia kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, mchanganyiko mpya wa petroli na hewa ndio unaofagia moshi wa zamani kutoka kwenye silinda, na tundu la egzosi, yaani la kutolea moshi, linakuwa bado wazi wakati mchanganyiko huo unapoingia. Sehemu yake hutoka nje kabla haijaungua. Petroli inayopotea kwa njia hiyo inaweza kufikia robo ya yote uliyotia kwenye tangi, na ule utando wa rangi nyingi unaouona juu ya maji nyuma ya boti ni mafuta uliyoyalipia.

Sasa tulete hesabu kwenye boti yako. Injini ya nguvu za farasi 40 ya mipigo miwili yenye kabureta, ikifunguliwa mafuta yote, hutumia lita 17 hadi 20 kwa saa, ilhali ya mipigo minne yenye nguvu hizohizo hutumia lita 13 hadi 15. Tukichukua tofauti ya lita 4 tu kwa kila saa, wewe unayetembea saa 20 kwa wiki utaokoa lita 80 kila wiki, ambazo kwa mwaka mzima ni zaidi ya lita 4,000. Oili nayo isisahauliwe. Injini ya mipigo miwili huichoma pamoja na petroli, na kwa kipimo cha lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, kila lita 300 za petroli hula lita 6 za oili. Injini ya mipigo minne ya ukubwa huo hubeba lita 2 hivi za oili, ambazo hubadilishwa baada ya kila saa 100 za kazi, yaani kwako wewe ni mara kumi kwa mwaka na lita 20 kwa jumla. Chukua bei za mafuta unakonunua, zidisha mwenyewe, kisha ulinganishe na nyongeza ya bei utakayolipa dukani kwa injini ya mipigo minne. Kwa saa zako, sina shaka nyongeza hiyo itarudi mapema. Kwa mtu anayeendesha boti saa mbili kwa mwezi huenda isirudi kamwe, na huyo singemshauri kama ninavyokushauri wewe.

Sharti la kwanza ni usafi wa mafuta. Injini nyingi za kisasa za mipigo minne za ukubwa unaoutaka hupuliza petroli kwa pampu ya shinikizo kubwa kupitia injekta, yaani vipulizio vyenye matundu membamba mno, na maji kidogo au uchafu kutoka kwenye dumu huweza kuzizima katikati ya safari. Kabureta ikiziba, nahodha mwenye bisibisi na subira huweza kuifungua na kuipuliza hata akiwa majini, lakini injekta iliyoziba haina tiba ya namna hiyo. Kwa hiyo funga chujio la kutenganisha maji kati ya tangi na injini, lile la maikroni 10, ulimwage maji yake mara kwa mara, na usikubali kumimina petroli iliyokaa kwenye dumu lisilofunikwa. Ninalisisitiza hili kwa sababu unabeba watu, na injini inapozimika mkondo ukiwa mkali, wanaotaabika si wewe peke yako.

Sharti la pili ni matunzo. Oili ya kwanza ya injini mpya hubadilishwa baada ya saa 20 hivi, kisha kila saa 100, pamoja na chujio lake. Valvu zinahitaji kupimwa nafasi zake, na mkanda unaozungusha kemushafti, kwa injini zinazoutumia, una muda wake wa kubadilishwa ulioandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Fundi wako anayejua mipigo miwili anaweza kujifunza haya, na ningependa ajifunze kuliko wewe kumwacha, lakini muulize waziwazi kama yuko tayari, na hakikisha kwamba vipuri vya injini utakayonunua vinapatikana mahali unapoweza kufika. Injini iliyo bora kwenye karatasi lakini husubiri kipuri kwa miezi miwili haibebi abiria.

Uzito nao unahitaji kuangaliwa kabla hujalipa. Injini ya mipigo minne ya nguvu za farasi 40 huizidi ile ya mipigo miwili yenye kabureta kwa kilo 20 na zaidi, na boti nyingi za zamani ziliundwa wakati injini nyepesi ndizo zilizokuwa za kawaida. Boti ikizama kidogo upande wa tezi, yaani nyuma inapofungwa injini, matundu ya kutolea maji sakafuni huweza kuanza kuyaingiza badala ya kuyatoa, na boti huchelewa kuinuka juu ya maji inapoondoka. Kagua ubao wa tezi usiwe umeoza ndani, soma kibao cha boti kinachotaja uzito na nguvu za injini zinazoruhusiwa, na kama betri au tangi viko nyuma, visogeze mbele. Chukua pia injini yenye urefu wa shafti uleule unaolingana na tezi yako, yaani inchi 15 au 20 kwa boti nyingi za ukubwa huo, kwa sababu shafti fupi mno huifanya propela kuvuta hewa, na ndefu mno huburuta.

Ukishaifunga, ijaribu ikiwa na mzigo wako wa kawaida, wala si tupu. Kitabu kitakuambia injini ifike mizunguko mingapi kwa dakika mafuta yakifunguliwa yote, na kwa nyingi ni kati ya 5,000 na 6,000. Isipofika, propela yako ni nzito kwa kazi hiyo, na kupunguza inchi moja ya mwendo wa propela, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, huongeza takriban mizunguko 200. Nimeona injini njema zikilaumiwa kuwa hazina nguvu, kumbe zilikuwa zinanyongwa na propela isiyozifaa.

Kuhusu kauli ya mwanao kwamba zama za mipigo miwili zimepita, ana ukweli kwa sehemu. Marekani ilitoa mwaka 1996 kanuni za moshi wa injini za boti zilizotekelezwa hatua kwa hatua kwa injini za mwaka 1998 hadi 2006, Umoja wa Ulaya ukafuata kwa agizo la mwaka 2003, na injini za mipigo miwili zenye kabureta hazikuweza kufikia vipimo hivyo. Katika ziwa Tahoe, huko Marekani, zilikatazwa kuanzia mwaka 1999. Kulikuwa pia na jaribio zuri la kuziokoa, yaani injini za mipigo miwili zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda baada ya tundu la egzosi kufungwa, kama vile OptiMax ya Mercury na E-TEC ya Evinrude, na kwa matumizi ya mafuta zilikaribiana sana na za mipigo minne. Lakini kampuni ya BRP, mmiliki wa Evinrude, iliacha kutengeneza injini za Evinrude mwaka 2020, kwa hiyo anayeuziwa E-TEC iliyotumika na aulize kwanza habari za vipuri. Injini ya mipigo minne yenyewe si mgeni wa jana: injini ya kwanza ya boti iliyotolewa na Honda, mwaka 1964, ilikuwa ya mipigo minne.

Hata hivyo, injini ya mipigo miwili yenye kabureta bado ina mahali pake, na singependa kuidharau. Yule anayebeba injini begani kila jioni atahisi tofauti kati ya kilo 36 na kilo 50, ambayo ndiyo hali ya injini za nguvu za farasi 15. Vilevile anayefanya kazi mbali na fundi yeyote, akitegemea mikono yake, plagi za akiba na ufunguo mmoja, ana sababu ya haki ya kubaki nayo pale sheria inapomruhusu. Wewe hukutueleza kwamba uko katika hali hizo.

SWALI: Ndugu Mhariri, injini yangu ni ya mipigo miwili na sina mpango wa kuibadilisha. Jirani yangu hutia oili ya pikipiki, tena huiongeza kupita kipimo, akisema kwamba oili nyingi ni kinga. Je, yuko sahihi?

JIBU: Hapana, katika yote mawili. Injini ya pikipiki hupozwa kwa hewa na huwa moto zaidi, na oili yake huwa na viambato vinavyoacha majivu yanapoungua. Injini ya boti hupozwa kwa maji, na majivu hayo hukaa juu ya pistoni na kwenye plagi mpaka yanaleta madhara. Tafuta oili yenye alama ya TC-W3, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya injini za boti za mipigo miwili.

Oili iliyozidi kipimo huchafua plagi, huongeza moshi na kuzigandisha ringi za pistoni, na zaidi ya hayo huchukua nafasi ya petroli, kwa hiyo kile kinachoungua ndani ya silinda huwa na petroli pungufu na joto hupanda. Fuata kipimo cha kitabu. Kikiwa ni 50 kwa 1, dumu la lita 25 linahitaji nusu lita ya oili, si zaidi, isipokuwa katika saa za mwanzo za injini mpya, ambapo watengenezaji wengi huagiza kipimo cha 25 kwa 1. Tia oili kwanza pamoja na petroli kidogo, tikisa, kisha ujaze.

SWALI: Nimenunua injini ndogo ya mipigo minne na nitaisafirisha ikiwa imelazwa garini. Nimeambiwa kuna upande wa kulaza. Je, ni kweli?

JIBU: Ni kweli kabisa, na ukikosea, oili itatiririka kutoka kwenye karata yake na kuingia kwenye silinda au kwenye njia ya hewa. Upande unaoruhusiwa huandikwa kwenye kitabu, na mara nyingi pia kwenye alama iliyobandikwa juu ya injini. Kabla ya kuilaza, kwanza iache isimame wima maji yote yatoke, kwa sababu maji yaliyobaki katika njia za kupozea huweza nayo kuingia kwenye silinda. Ikitokea umeilaza vibaya, usiivute kamba kwa nguvu: isimamishe, toa plagi, ifunike kwa kitambaa nafasi ya plagi, zungusha injini polepole kwa mkono mpaka oili iliyoingia itoke, safisha plagi, pima oili iliyobaki, ndipo uiwashe. Itatoa moshi mweupe kwa dakika chache, na hilo lisikutie hofu.