Picha Iliyosafishwa Si Ushahidi wa Gari la Kijeshi

SWALI: Babu yangu alikuwa askari wa King's African Rifles (Keya), jeshi la kikoloni la Waingereza la Afrika Mashariki. Alipigana Burma, kisha akaendelea na utumishi hadi baada ya uhuru. Ametuachia picha moja isiyo na tarehe, akiwa amesimama kando ya gari la deraya lenye magurudumu manne na kichwa kidogo cha bunduki kinachozunguka. Studio moja hapa Nairobi iliisafisha kwa akili unde na kuitia rangi, kisha programu ya simu ikasema kwamba gari hilo ni Sd.Kfz. 222 la Wajerumani. Je, yawezekana babu na wenzake waliliteka vitani? Nimeambatisha picha ya asili pamoja na iliyosafishwa. Msomaji, Buruburu.

JIBU: Ndugu msomaji, hawakuliteka. Gari lililo katika picha ya asili ni Ferret Mk 2, gari dogo la upelelezi ambalo kampuni ya Daimler ya Uingereza ilianza kuliunda mwaka wa 1952, na kwa hiyo picha hiyo haiwezi kuwa ya Vita vya Pili vya Dunia. Isitoshe, askari wetu wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliopita bonde la Kabaw, huko Burma, mwaka wa 1944 walikuwa wakipambana na Wajapani, na gari la deraya la Mjerumani halikuwa na njia ya kufika katika misitu ile. Inaelekea babu yako alipigwa picha hiyo katika miaka ya mwisho ya Keya, au baada ya vikosi vyake vya Kenya kuwa Kenya Rifles kufuatia uhuru wa 1963.

Maswali ya aina hii hunifikia mara kwa mara, na siku hizi karibu yote huja na picha iliyosafishwa, kana kwamba ndiyo nakala bora na ile ya asili ni takataka iliyoambatishwa kwa heshima tu. Mambo ni kinyume kabisa. Tazama nambari iliyo mbele ya gari. Katika picha ya asili, ingawa tarakimu ya kwanza imefifia, mpangilio unasomeka: tarakimu mbili, herufi mbili, kisha tarakimu mbili. Huo ndio mtindo ambao jeshi la Uingereza lilianza kuutumia mwaka wa 1949. Wakati wa vita, nambari zao zilitanguliwa na herufi moja, kwa mfano T kwa vifaru, F kwa magari ya deraya ya magurudumu na L kwa malori. Nambari hiyo peke yake ingetosha kukuonyesha kwamba hadithi ya Burma haisimami. Katika picha iliyosafishwa imegeuka kuwa alama tano nyororo zisizo za alfabeti yoyote duniani.

Sasa tazama kichwa cha gari. Katika picha ya asili ni kidogo, kimefunikwa juu, na kinatokeza bunduki moja nyembamba ya rashasha. Kichwa cha Sd.Kfz. 222 kiko wazi juu na hufunikwa kwa wavu wa waya uliogawanyika katikati, na silaha yake kuu ni mzinga wa milimita 20. Mahali ambapo picha yako ina kivuli tu, programu imechora mistari inayofanana na wavu, na kwenye bamba lisilo na alama yoyote imepanga safu ya ribiti, yaani misumari ya kuunganishia mabamba ya chuma. Hakuna aliyeziona ribiti hizo, hata kamera yenyewe.

Hapa ndipo subira yangu huisha. Programu hizi hazisafishi chochote. Zimefundishwa kwa picha nyingi mno, na zikikuta doa huweka kitu ambacho kwa kawaida huwa mahali kama hapo. Doa likiwa juu ya gari la deraya, na mtandao ukiwa umejaa picha za magari ya Wajerumani, matokeo yake ni haya unayoyaona. Ukiipeleka picha hiyo kwa programu ya pili ili ilitambue gari, unamhoji shahidi aliyekwisha kufundishwa la kusema. Rangi nazo ni vivyo hivyo. Filamu nyingi za zamani hazikuhisi rangi nyekundu, kwa hiyo alama nyekundu ya kikosi hutoka nyeusi, na anayeitia rangi kwa kubofya kitufe hana namna ya kulijua hilo.

Anayetaka kutambua gari aiskani picha ya asili kwa vitone 1200 kwa inchi, mbele na nyuma, bila kichujio chochote, kisha aanze kutazama chini kabla ya kupanda juu. Watu wengi hukimbilia mzinga, lakini mizinga na vichwa vilibadilishwa sana katika karakana. Mpangilio wa magurudumu haubadilishwi kirahisi. Kigari cha minyororo cha Waingereza kiitwacho Universal Carrier kina magurudumu matatu kila upande, na Loyd Carrier, ambacho wengi hukichanganya nacho, kina manne. Kifaru cha Sherman na kile cha Grant huweza kulingana kwa magurudumu, kwani vyote viwili vina jozi tatu kila upande, na hapo tu ndipo inafaa kupandisha macho: Grant ina mzinga mkubwa uliopachikwa ubavuni mwa bodi, upande wa kulia, mbali na ule mdogo wa kichwani.

Uvivu huu wa kutotazama umewanenepesha matapeli. Mjini humu utauziwa Land Rover "iliyopigana Vita vya Pili vya Dunia" pamoja na picha yake kuukuu iliyotiwa rangi, ilhali Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani mwaka wa 1948. Utauziwa pia jeep "ya Burma" ambayo grili yake ina nafasi saba. Jeep za vita, ziwe za Willys au za Ford, zina nafasi tisa, ukiondoa zile za mwanzo kabisa za Willys zilizokuwa na grili ya vyuma vilivyochomelewa. Hiyo ya nafasi saba, yenye taa kubwa na mlango wa nyuma, ni CJ-2A, iliyouzwa kwa raia kuanzia 1945. Muuzaji akikuonyesha picha, mwombe ile ambayo haijaguswa na uitazame hata upande wa nyuma. Akisema ilitupwa baada ya kusafishwa, usimpe hata arubuni.

Kwa wewe wa Buruburu, nyuma ya picha ya asili andika "Ferret Mk 2, baada ya 1952", na mwaka kamili uuache wazi hadi upate karatasi za utumishi za babu. Andika kwa penseli laini. Wino wa kalamu hupenya hadi usoni, na picha ikishapitishwa kwenye mashine ya laminesheni haibanduki tena bila kuharibika.