Kwa nini hela ya korosho inajenga Mbagala na siyo Mtwara

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kusini, yaani Lindi na Mtwara, tuna bandari, gesi, korosho na saruji, kwa nini miji yetu imebaki midogo wakati Dar inazidi kutanuka? Na wewe mwenye milioni kumi na mbili, ununue kiwanja Mtwara au uongeze vyumba Mbagala, Dar? Mimi ni mzaliwa wa Newala, nimekaa Mbagala miaka kumi na minne, sasa niko Mtwara mjini. Nitajibu kwa niliyoyaona.

Anza na Mto Rufiji. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, kwenda Dar ilikuwa safari ya kuagana kabisa. Nikiwa mdogo tulilala Ndundu, kwenye kivuko cha mto, na mjomba siku mbili tukisubiri pantoni, malori yamezama kwenye matope, magunia yanaloa. Masika yakikolea njia ilifungwa. Hata daraja lilipokuja, zile kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga zilitutesa miaka mingi kabla ya kupata lami. Na bado hatujapona: Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika Somanga, na sokoni kwetu kitunguu kikapanda bei siku ile ile.

Dar ina reli iliyofika Kigoma tangu 1914, kwa hiyo mzigo wa Burundi na Kongo unaiangukia wenyewe. Sisi reli ya Nachingwea Waingereza waliijengea mradi wao wa karanga baada ya Vita vya Pili. Karanga zikagoma, reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa. Bandari ya Mtwara ilitokana na karanga hizo hizo, ikabaki na kina kizuri lakini kwa miaka mingi haikuwa na mzigo wa mwaka mzima nyuma yake.

Sasa korosho, na hapa ndipo panaponiuma. Minada inaanza Oktoba. Novemba hadi Januari ukipita Tandahimba utaona mabati yanashushwa, bodaboda mpya zina nailoni kwenye viti. Ikifika Machi, nyumba hizo hizo zinakopa unga. Hapo anaingia mtu wa kangomba: anakupa hela leo, unamlipa korosho msimu ukifika, kwa bakuli lake na kwa bei yake. Mjomba alichukua laki tatu mkewe alipougua. Akalipa magunia manne. Kwa bei ya mnada wa mwaka ule, magunia yale yangempa zaidi ya mara mbili, na salfa, dawa ya mikorosho, ya msimu uliofuata akaikosa, mikorosho ikaliwa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu. Mavuno yakapungua, akarudi kwa mtu yule yule. Stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuweka korosho ghalani na kuziuza kwa mnada, ipo tangu 2007 na imesaidia kwenye bei, lakini mtu mwenye mgonjwa Machi hawezi kusubiri mnada wa Oktoba.

Anayebaki na faida, awe mkulima mkubwa au dalali, anajenga Dar. Mtaa niliopanga Mbagala, kati ya nyumba tisa za upande wetu, tano zilikuwa za watu wa Newala, Masasi na Nachingwea. Vijana nao walitangulia zamani. Wengi husema hata neno machinga limetoka Machinga ya Lindi. Na korosho zenyewe nyingi zinaondoka ghafi kwenda kubanguliwa India na Vietnam, kazi ya kubangua inaondoka nazo.

Gesi nisiirefushe. Mwaka 2013 nilikopa nikajenga vyumba vinne Chikongola, hapa Mtwara mjini, nikitegemea wapangaji wa makampuni. Bomba la kwenda Dar likazinduliwa 2015, mafundi wakaondoka, vyumba viwili vikakaa wazi miezi minane. Bomba likishazikwa ardhini linataka walinzi na mafundi wachache tu.

Lakini usiangalie miji peke yake. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 mkoa wa Lindi ulitoka watu 864,652 ukafika 1,194,028. Hiyo ni kasi kubwa kuliko ya Dar, iliyotoka 4,364,541 hadi 5,383,728. Wengi nawaona vijijini: wafugaji waliohamia na ng'ombe wao, wakulima wa ufuta. Ardhi ipo, na watu wanaifuata.

Kwa hiyo kiwanja nunua, ila siyo popote. Uvumi wa mtambo wa gesi Likong'o, kule Lindi, usiununulie ardhi mpaka uone ujenzi umeanza. Angalia njia ya Msijute, ambako kiwanda cha saruji kinatoa malori mwaka mzima, na maeneo ambako madereva wa makaa ya mawe kutoka Ruvuma wanalala. Jenga vyumba vidogo vya bei ya dereva na mwanafunzi, acha nyumba kubwa.

Na usije kukagua Desemba. Desemba kila mtu ana hela, kila chumba kina mtu, utalipa bei ya msimu. Njoo Machi mwishoni, zunguka na dalali, kisha rudi peke yako ukawaulize wapangaji wenyewe kodi ya mwezi huo wameilipa kwa hela ya kazi gani.