Bawa la mbele likivunjika, usiendelee
Ndugu, umeuliza kwa nini gari la mbio za Formula 1 lililovunjika bawa la mbele hukataa kona, na kama dereva anaweza kuendelea tu. Bawa lile ni kama la ndege lililopinduliwa: hewa inaligandamiza gari chini. Likivunjika, matairi ya mbele hayashiki. Unakata usukani, gari linanyooka. (La nyuma ndilo balaa zaidi, mkia unachomoka.) Kona za polepole utajikokota, za kasi usijaribu. Kwenye uwanja wa mbio wa Imola, Italia, 1994, dereva Roland Ratzenberger alitoka nje ya njia, bawa likaumia, akaendelea. Mzunguko uliofuata likang'oka akiwa kwenye kasi inayozidi kilomita 300 kwa saa, akagonga ukuta na kufariki. Mimi ningerudi piti (pale magari yanapotengenezwa kando ya njia) mara moja.