Anza na makochi, inchi zitafuata

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: "Ukitaka kununua tivii ya skrini kubwa kwa ajili ya nyumbani, utaangalia nini kwanza?" Mimi ni fundi wa tivii na redio hapa Walukuba, Jinja. Ningeanza kwa kuangalia makochi yamekaaje sebuleni.

Wengi wanaoniomba ushauri huanza na inchi. Siwalaumu. AFCON ya 2027 inakuja kuchezwa hapa kwetu Uganda, Kenya na Tanzania, na kila nyumba inataka kuwaona Cranes, timu yetu ya taifa, wakiwa wakubwa ukutani. Lakini sebule zetu zina mpangilio wake. Makochi yanazunguka kuta tatu, tivii iko ukuta wa nne, watoto wako chini kwenye mkeka. Siku ya mechi, pengine watu wawili tu ndio wanaotazama skrini kwa mbele. Waliobaki wote wako pembeni.

Hapo ndipo tivii zinapotofautiana, na muuzaji hatakuambia. Tivii nyingi za LED ndani yake zina paneli, yaani kioo chenyewe cha picha, ya aina ya VA au ya IPS. VA ina weusi mzito na picha ya kupendeza ukikaa mbele yake, ila ukisogea kando rangi zinapauka. IPS weusi wake umefifia kidogo, lakini aliyekaa kochi la pembeni anaona rangi karibu zilezile anazoziona aliyekaa mbele. Kwenye boksi mara nyingi jambo hili halikuandikwa. Kwa hiyo dukani usisimame mbele ya tivii tu. Nenda mpaka kwenye kona, utazame nyuso za watu kwenye skrini. Zikigeuka kijivu, mgeni wako naye ataziona hivyohivyo. Nyumba inayopokea watu wengi ningeinunulia IPS ya inchi 50 kabla ya VA ya inchi 65, na hapa sina shaka hata kidogo.

Kuhusu ukubwa wenyewe, hesabu ni rahisi. Inchi za tivii hupimwa kutoka kona hadi kona. Zidisha kwa 1.6, utapata umbali mzuri wa kukaa kwa inchi; gawa kwa 12 upate futi. Ya inchi 43 inataka kama futi 6, ya 55 futi 7 na kidogo, ya 75 futi 10 kamili. Anayeishi kwenye muzigo, chumba kimoja chenye kitanda, meza na jiko kwenye kona, ya inchi 43 inamtosha. Tena msiipandishe karibu na dari. Katikati ya skrini pawe usawa wa macho ya mtu aliyeketi, la sivyo shingo zitauma kabla ya mapumziko.

Sasa 4K. Ni nukta 3840 kwa 2160, mara nne ya Full HD, na siku hizi karibu kila tivii ya inchi 50 kwenda juu inayo, kwa hiyo usikubali kuongezewa bei kwa ajili ya neno hilo. Jiulize utaitilia picha gani. Filamu zilizotafsiriwa na ma-VJ, wale wasimulizi wa filamu, zile tunazojaziwa kwenye flashi, zimebanwa sana ili zienee. Kwenye inchi 32 huoni kasoro, kwenye inchi 75 uso wa mtu unakuwa vipandevipande. Na Netflix kwa 4K inataka intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde na inakula kama GB 7 kwa saa moja. Mwenye bando la siku hawezi kuimudu.

Sasa nije kwenye meza yangu ya kazi, maana hapa ndipo ninapoumia moyo. Tivii kubwa nyingi zinazoletwa kwangu zina sauti lakini hazina picha. Ukifunga mapazia ukamulika skrini kwa tochi, unawaona watu wakitembea gizani. Paneli ni nzima. Zilizokufa ni taa za nyuma, vipande vya LED vinavyoiangaza. Dukani tivii huwekwa kwenye mwanga wa juu kabisa ili ivute macho, na mwenyewe akifika nyumbani haigusi tena. Taa zinafanya kazi kwa nguvu zote kila siku, zinachemka, zinaungua mapema. Siku ya kwanza ingia kwenye mipangilio ya picha, ushushe mwanga wa nyuma mpaka karibu nusu. Sebuleni usiku mwanga huo unatosha sana, na matumizi ya umeme yanapungua. Tivii ya inchi 55 hula kama wati 100. Iwashe saa tano kwa siku, kwa mwezi ni uniti 15, sawa na zile uniti 15 za bei ya chini ambazo Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, hutupa mwanzo wa mwezi. Yaani tivii peke yake inaweza kuzimaliza.

Hatari nyingine ni umeme unaorudi. Sisi wa Jinja bwawa la umeme la Nalubaale liko mlangoni kwetu tangu 1954, lakini umeme hukatika hapa kama kwingine, na ukirudi hauji na volti 240 zilizotulia. Nunua stebilaiza, kifaa cha kusawazisha volti, inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme kupita. Pesa yake itoe kwenye bajeti ya tivii, hata kama itakubidi ushuke saizi moja. Mvua ya radi ikianza, chomoa plagi, na waya wa dishi pia. Watu husahau dishi, kisha radi inapitia kwenye dikoda na kuua bodi.

OLED ni nzuri mno, kila nukta inatoa mwanga wake na pembeni haipauki. Ila ni ghali, na ukiiacha kwenye chaneli ya habari mchana kutwa, ule ukanda wa maandishi wa chini unaweza kubaki umechorwa kwenye paneli moja kwa moja. Mimi hilo siwezi kulitengeneza. QLED isikuchanganye: ni LED iliyoongezewa tabaka la rangi.

Kwa tivii smati, washa hotspoti ya simu yako palepale dukani, mwambie muuzaji afungue YouTube na Netflix mbele yako. Zipo za bei rahisi zenye Android isiyo na kibali cha Google, na programu zinagoma. Usiikatae tivii yenye paneli nzuri kwa sababu tu si smati, maana kisanduku cha kuchomeka kinaweza kununuliwa baadaye. Na kama nyumba ni ya mabati, weka pesa ya spika ya nje, kwa sababu mvua ikinyesha spika za tivii nyembamba hazisikiki.

Dai risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, yenye namba ya tivii yenyewe (serial number), uambatanishe na karatasi ya waranti. Kisha lipia gari. Tivii kubwa husafirishwa ikiwa imesimama, kamwe isilazwe, na isipande boda. Waranti kwa kawaida haigusi kioo kilichopasuka, na paneli mpya bei yake inakaribia ya tivii nzima. Mwaka mzima wa kuchanga unaweza kuishia kwenye tuta moja la barabarani. Ifungueni boksi na kuiwasha kabla dereva hajaondoka.