Chumba, sebule na jiko Mtwivila: niweke bei gani?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu, nimejenga nyumba ndogo Mtwivila, hapa Iringa: chumba masta, sebule na jiko, luku yake, ndani ya fensi. Naitangaza kwa 180,000 kwa mwezi, na nataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Miezi minne sasa iko tupu. Dalali ananiambia nishuke mpaka 150,000. Namwona anataka tu kumaliza kazi apate chake. Nishuke au nivumilie?
Mwalimu, Iringa

JIBU: Marahaba, mwalimu. Dalali anataka chake, ndiyo, lakini chake ni kodi ya mwezi mmoja. Wewe ukishuka, na yeye kashuka. Msikilize.

Enzi zangu za kuzungusha wateja mji huu sikuwa namuuliza mtu anataka nyumba ya bei gani. Nilimuuliza ana shilingi ngapi mkononi. Mpangaji wako haoni hiyo 180,000. Anaona 1,080,000 yako na 180,000 ya dalali, jumla 1,260,000, kabla hajakodi kirikuu cha kubebea kitanda. Nesi aliyeanza kazi juzi ataitoa wapi? Pokea miezi mitatu kwa 150,000: ni 450,000 yako na 150,000 ya dalali. Hiyo 600,000 mtu anakopa kwenye kikoba, Jumamosi anahamia.

Nawe piga hesabu yako. Miezi minne tupu, kwa bei yako mwenyewe, ni 720,000 zimekwenda. Punguzo la 30,000 lingechukua miaka miwili kula hela hiyo.

Ila kabla hujashuka, ingia bafuni. Hita ipo? Hukuitaja. Mtu wa Dar atakucheka, lakini Iringa mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri, maji ya bomba yanauma mpaka kwenye mifupa. Mteja anafungua bomba, anatazama juu ukutani, anakwambia, "Sawa mwalimu, nitakupigia." Hapigi. Nimewasindikiza wengi wa namna hiyo mpaka getini. Kwa hiyo, ukiona 180,000 huwezi kuiachia, funga hita na upokee miezi mitatu. Bila hita ni 150,000. Tenki la akiba nalo liwe na maji siku ya kuonyesha nyumba, maana wanagonga kusikia kama ni tupu.

Wanafunzi wa vyuo usiwasubiri. Wengi wanatafuta chumba cha kuchangia, si sebule na jiko.

Mwisho, usimwachie nyumba dalali mmoja. Wape watatu, ila bei iwe moja kwa wote. Mteja akiisikia nyumba ileile 150,000 huku na 170,000 kule, anajua kuna mtu kaweka cha juu, na lawama inakuja kwako mwenye nyumba. Ukimbaini, mnyang'anye funguo.