Ami, nipime kwa asilimia

Ami, assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, na maneno uliyoyasema barazani mbele ya jamaa yamenichoma: kwamba hata Marekani inawalipia ulinzi wenzake wote wa NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, ilhali mimi niliyeko London nimeshindwa kuliezeka jiko la bibi huko Wete.

Mfano huo umekosea, Ami, na ukirekebishwa unanitetea mimi. Hakuna mfuko mmoja ambao Marekani inautia fedha na wengine wakachota. Kila nchi inagharimia jeshi lake yenyewe, mishahara ya askari wake na silaha zake, na kinachopimwa ni asilimia ya pato lake la taifa. Mwaka 2014 walikubaliana kuelekea asilimia 2, na wakati huo ni Marekani, Uingereza na Ugiriki tu zilizokuwa zimefikia kiwango hicho. Mfuko wa pamoja upo, wa kuendeshea makao makuu na shughuli za pamoja, lakini ni mdogo. Mwaka 2024 Marekani na Ujerumani zilichangia humo karibu asilimia 16 kila moja. Ni kweli kwamba Marekani inatumia fedha nyingi kuliko wenzake wote wakijumlishwa, ila fedha hizo ni za jeshi lake, lenye kazi hadi Bahari ya Pasifiki.

Basi nami nipimwe hivyo. Ninaosha wazee usiku katika nyumba ya kulelea, na robo ya mshahara wangu inakuja Pemba kila mwezi, kabla sijanunua hata koti. Kaka aliyeko Mtambwe ameuza karafuu msimu uliopita. Simtaki atoe sawa na mimi, nataka naye aulizwe asilimia yake.

Mwaka 2025, huko The Hague, Uholanzi, nchi za NATO ziliahidi kufika asilimia 5 ifikapo 2035: 3.5 za jeshi lenyewe, na 1.5 za mambo yanayohusiana nalo, kama barabara na madaraja. Hispania ilikataa kiwango hicho. Mimi nilicheka niliposoma habari ya madaraja, kwa sababu mjomba naye huhesabu sukari ya futari kuwa ni mchango wake wa paa.

Na kila nyongeza ina pahala inapotoka. Uingereza ilipotangaza Februari 2025 kwamba itafikia asilimia 2.5 ifikapo 2027, ilisema itapunguza misaada ya nje kutoka asilimia 0.5 ya pato lake hadi 0.3. Nikiongeza ya paa, nitapunguza ada ya skuli ya mdogo wangu. Uamuzi huo nakuachia wewe.

Mwanao usimruhusu auze shamba la mikarafuu kwa ajili ya kuja huku. Ikiwa viza ameshaipata, basi aje, atalala chumbani kwangu, lakini asiahidi mtu kitu kabla hajaona mshahara wake wa mwanzo.

Mabati nitalipa nusu. Hiyo nusu nyengine iulizwe Mtambwe, na nipatiwe jawabu kabla ya masika.