Utafiti wa Michezo Hujulikana kwa Swali Lake

SWALI: Ninasomea shahada ya uzamili katika fiziolojia, yaani sayansi ya jinsi mwili unavyofanya kazi. Niliomba ruzuku ya utafiti wa michezo ili nichunguze jinsi usingizi mchache unavyoathiri sukari ya damu, nikikusudia kuwapima wakimbiaji. Andiko langu lilikataliwa kwa maelezo kwamba halihusiani vya kutosha na michezo. Je, wakimbiaji si wanamichezo?

JIBU: Ni wanamichezo, ndugu msomaji, ila katika andiko lako wamekuwa washiriki tu. Ukiwaondoa ukaweka makarani, swali litabaki lilelile, na jibu lake litamfaa daktari wa kisukari kuliko kocha. Hapa ndipo maandiko mengi mazuri huanguka, nami husikitika kila ninapoyaona, kwa sababu sayansi yake mara nyingi haina kasoro.

Linganisha na jaribio lililofanywa nchini Norway, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Wasichana 1,892 wanaocheza soka, wenye umri wa miaka 13 hadi 17, walifuatiliwa ili ijulikane kama mpango maalumu wa mazoezi ya kupasha mwili ungepunguza majeraha. Swali lilitoka uwanjani, na jibu lilirudi uwanjani: idadi ya majeraha mabaya ilipungua, na mpango wenyewe, unaochukua takriban dakika 20, kocha yeyote anaweza kuutumia.

Kwa upande mwingine, utafiti unaweza kuhusu michezo hata pasipo mwanamichezo hata mmoja maabarani. Shirika la kimataifa la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, WADA, lililoanzishwa mwaka 1999, hufadhili mbinu za kemia za kuzigundua dawa hizo, na pia tafiti za sayansi ya jamii kuhusu kinachomsukuma mtu azitumie. Wanahistoria, wanasheria na wanauchumi nao wana nafasi yao.

Kumbuka pia kwamba kurekodi mapigo ya moyo ya timu kila asubuhi ni ufuatiliaji; huwa utafiti pale tu panapokuwa na jambo jipya linalotafutwa kwa utaratibu ambao wengine wanaweza kuurudia.

Ningekushauri usibadilishe washiriki wala vipimo, bali uulize upya: je, mkimbiaji aliyelala saa chache usiku wa kuamkia mashindano hutumiaje sukari mwilini anapokimbia, na kocha abadilishe nini katika ratiba yake ya mlo na mapumziko? Kisha taja katika andiko ni nani atakayeyatumia matokeo hayo, na umshirikishe kabla hujaanza kupima.